Kuongoza Watu Njiani

Kuongoza watu kwa miguu ni ufundi, na kati ya Kasongo na Kabambare, katika Maniema, mashariki mwa Kongo, ni ufundi wa kale. Hapo ilipita njia kuu ya misafara: kutoka Ujiji ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda milima, ikateremka bonde la Luama hadi Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Aliyetangulia aliitwa kirongozi, na heshima yake ilikuwa kubwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga njia. Penye panda alikata tawi la majani akalilaza juu ya njia isiyofaa, au aliburuta unyayo akachora mstari mavumbini. Hakumwacha mtu wa kungoja, wala hakupaza sauti. Waliobaki nyuma, mama aliyesimama kumnyonyesha mtoto, mzee aliyechomwa na mwiba, walifika wakaliona tawi na kushika njia nyingine. Majani yakiwa mabichi, wenzao hawako mbali. Yakiwa yamenyauka, miguu ikazwe. Mtoto asiyejua herufi hata moja aliisoma alama hiyo sawasawa na baba yake. Mtu kuwajali asiowaona, walio nyuma yake saa nzima, ni adabu kubwa kuliko yote iliyopata kukanyaga vumbi la Maniema.

Kazi ya pili ilikuwa mwendo. Misafara haikuwa ya wanaume peke yao. Wapagazi wengi walifuatana na wake na watoto. Kundi la msafiri Stanley lililofika Nyangwe Oktoba 1876 lilikuwa na wanawake na watoto waliotoka pwani. Kirongozi hodari hakupima safari kwa nguvu zake, bali kwa mguu mdogo kuliko yote. Waliondoka alfajiri, wakatua kabla jua halijawa kali, karibu na maji. Mtoni mtu mzima aliingia kwanza na fimbo, akapima kina, ndipo watoto wakapitishwa.

Mguu wenyewe ulitunzwa, maana ukiugua safari husimama. Mwaka 1870 msafiri Livingstone alilazwa Bambarre, ndiyo Kabambare, wiki nyingi kwa vidonda vya miguu, na asingeweza kufika Nyangwe mwaka uliofuata kabla havijapona.

Njia hii ilipitisha pia watumwa na pembe za ndovu, na familia nyingi zilivunjwa juu yake. Ufundi haukosi kuwa ufundi kwa kutumikishwa vibaya, lakini aibu hiyo ni sehemu ya habari zake.

Mwaka 1893 Kasongo ilitwaliwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis. Baadaye ikaja reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, iliyojengwa kuyakwepa maporomoko na korongo linaloubana Lualaba karibu na Kongolo, liitwalo Milango ya Jehanamu. Reli haikufika Kabambare. Huko miguu iliendelea, kisha baiskeli, na sasa pikipiki.

Pikipiki imeokoa wagonjwa wengi, na hakuna wa kuilaumu. Lakini mtoto anayebebwa hivyo anajua alikotoka na anakokwenda. Panda zilizo katikati hazijui. Mvua ikikata daraja, abiria hushuka na kutembea. Wenye nguvu hukaza mwendo bila kugeuka, na mama mwenye mtoto mgongoni hufika penye panda asikute hata tawi moja.