Watu 265,429 Waliodondoka Kimyakimya

Kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012, Korogwe ilipungukiwa na watu 18,966. Hilo ndilo jibu utakalopata ukichukua majedwali mawili ya sensa ya Mkoa wa Tanga, ukayaingiza kwenye skripti fupi ya Python na kuiamuru iyaunganishe kwa jina la wilaya. Mwaka 2002 Korogwe inasomeka watu 261,004. Mwaka 2012 inasomeka 242,038. Ni anguko la asilimia 7.3, na skripti inalitoa bila onyo lolote, bila hata mstari mmoja mwekundu.

Anguko hilo halikutokea. Kilichotokea ni kwamba katikati ya sensa hizo mji wa Korogwe ulipata halmashauri yake, na mwaka 2012 watu wake 68,308 wakaandikwa kwenye mstari wao peke yao. Handeni nayo ilikuwa vivyo hivyo: mji ukajitenga na watu 79,056, wilaya ikabaki na 276,646. Ukiwarudisha wa mjini walikotoka, Korogwe nzima ina watu 310,346, yaani imekua kwa asilimia 18.9. Handeni nzima ina 355,702, ongezeko la asilimia 42.5 juu ya watu 249,572 wa mwaka 2002. Skripti ile ya haraka ingekuambia Handeni imekua kwa asilimia 10.8 tu.

Nimechagua mfano huu kwa sababu namba zake ziko wazi kwa kila mtu, na kwa sababu ndani yake yamo karibu yote yanayowakwamisha vijana wetu wanaoandika skripti za kazi za kila siku: kuunganisha mafaili, kusafisha majina, kujumlisha. Hakuna akili bandia humu wala hisabati nzito. Ni kazi ya ofisini, ya kumaliza kabla ya mchana. Lakini ndipo watu wanapopotea.

Tuangalie jinsi wanavyopotea. Jedwali la 2002 la Mkoa wa Tanga lina mistari 7: Lushoto, Korogwe, Muheza, Tanga, Pangani, Handeni na Kilindi. La 2012 lina mistari 10, maana zimeongezeka Mkinga, Korogwe Mji na Handeni Mji. Amri ya "merge" katika pandas, ile maktaba ya kuchambua data ambayo Wes McKinney alianza kuitengeneza mwaka 2008, usipoielekeza vingine hubakiza yale majina tu yanayopatikana pande zote mbili. Kwa hiyo mistari 3 mipya inaachwa. Matokeo yanatoka na mistari 7, sawasawa na faili uliloanza nalo. Ukihesabu mistari unaridhika. Ukijumlisha watu ndipo unaona: jumla ya 2012 imekuwa 1,779,776 badala ya 2,045,205. Wamedondoka watu 265,429, wengi kuliko wakazi wote wa Korogwe ya mwaka 2002.

Sasa tuchukue kwamba kijana aliyeko Chanika, Handeni, amekwama hapo, naye anamwandikia kwa simu dada aliyemtangulia katika kazi hii, aliyeko Manundu, Korogwe. Anaweza kuandika hivi: "Dada, habari za kazi. Skripti yangu haifanyi kazi, nisaidie." Kisha anatuma picha ya skrini, imekatika upande mmoja. Msaada unafia hapo. Dada huyo hawezi kunakili maandishi kutoka kwenye picha, hajui mafaili yana nini, na neno "haifanyi kazi" si kweli, kwa sababu skripti imefanya kazi mpaka mwisho.

Au anaweza kuandika hivi: "Dada, habari za kazi. Nina faili la 2002 lenye mistari 7 na la 2012 lenye mistari 10. Nikiunganisha kwa jina napata mistari 7 na Korogwe inapungua. Nilitarajia iongezeke. Amri niliyotumia hii hapa, na majina yote 10 haya hapa." Ameweka maandishi yanayonakilika, ameeleza alichotarajia na alichokipata, na amepunguza tatizo mpaka likaenea kwenye ujumbe mmoja. Swali la namna hii limeshajibiwa nusu, na mara nyingi mwulizaji huliona jibu akiwa bado analiandika.

Jibu zuri nalo lina sura yake. Wengi wetu tukiombwa msaada tunarusha mstari mmoja wa amri na kuondoka. Mwulizaji anaubandika, kazi inakwisha, kesho anarudi na tatizo lilelile kwenye faili jingine. Dada wa Manundu ninayemtaka mimi anajibu: "Nzuri, mdogo wangu. Kwanza unganisha upya kwa kubakiza pande zote, how='outer', halafu ongeza indicator=True. Utapata safu mpya inaitwa _merge. Nitumie mistari isiyosema both." Hajampa dawa, amempa kipimo. Baada ya dakika chache kijana anaona mwenyewe majina 3 yasiyo na mwenzake mwaka 2002, na tangu siku hiyo ana chombo cha kuwanasa wanaodondoka popote.

Hatua ya pili haimo kwenye kitabu chochote cha Python. Mkinga ilitoka wapi? Mtaalamu wa Berlin au Bangalore, hata awe hodari vipi, hawezi kujua kwamba Mkinga ilikatwa kutoka Muheza. Mtu wa Tanga anajua bila kuuliza. Anajua pia kwamba Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni, na kwamba ukitaka kurudi nyuma hadi sensa ya 1988 itabidi uziunganishe tena. Ndiyo maana nashikilia kwamba msaada wa mwenzako wa wilaya jirani una thamani ambayo wataalamu wa mbali hawana. Nusu ya tatizo ni lugha ya kompyuta, nusu ni jiografia ya nyumbani, na nusu hii ya pili ndiyo inayoamua.

Basi wanatengeneza jedwali dogo la safu mbili: jina la 2012, na wilaya mama ya 2002. Korogwe Mji inaelekezwa Korogwe, Handeni Mji inaelekezwa Handeni, Mkinga inaelekezwa Muheza. Saba zilizobaki zinajielekeza zenyewe. Kisha wanajumlisha kwa wilaya mama. Hapo kijana anakwama tena, kwani mbele ya Handeni inatoka namba ya ajabu: 276,64679,056. Faili lilikuwa na alama za mkato za maelfu, Python ikazisoma namba kama maneno, na maneno yakijumlishwa hugandishwa mwisho kwa mwanzo. Tiba ni kuiambia amri ya kusoma faili kwamba alama ya mkato ni ya maelfu, thousands=','. Jambo dogo, lakini limekula mchana wa watu wengi.

Mwisho, mstari mmoja wa ulinzi: skripti ikatae kuendelea kama jumla ya mkoa si 1,642,015 kwa 2002 na 2,045,205 kwa 2012. Mstari huo ungekuwapo tangu mwanzo, swali lenyewe lisingezaliwa.

Nani anaumia mistari hii ikikosekana? Chukua chanjo. Tuseme Handeni yote, mji na wilaya, imechanja watoto 80 katika kila 100. Anayekokotoa akiweka waliochanjwa wote juu, na chini akatumia idadi ya watu iliyoachwa bila mji, atapata karibu asilimia 103. Taarifa itasema kazi imekwisha na kuzidi, wakati mtoto mmoja kati ya watano hajafikiwa. Kinyume chake, Korogwe inayoonekana kupungua itaonekana haihitaji walimu wala visima zaidi. Hakuna aliyedanganya. Ni amri moja tu iliyoachwa ichague yenyewe.

Ninachowaomba wanaoandika skripti katika halmashauri zetu ni hiki: lile jedwali la safu mbili msilifungie kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Liandikwe kwa Kiswahili, kila mstari ukiwa na sababu yake, liwekwe pamoja na data, apewe anayefuata. Na anayejiandaa kulinganisha 2012 na 2022 aanze kulirekebisha leo kwenye mstari wa Lushoto, kwa sababu Bumbuli nayo imeshapata halmashauri yake.