Söderling Alivyougeuza Udongo wa Paris Dhidi ya Nadal

Tarehe 31 Mei 2009, Robin Söderling wa Sweden alimtoa Rafael Nadal katika raundi ya nne ya mashindano ya tenisi ya Roland Garros, mjini Paris, kwa seti 6-2, 6-7, 6-4, 7-6. Nadal alikuwa bingwa wa miaka minne mfululizo, na katika mechi 31 alizocheza pale hakuwa amepoteza hata moja. Wiki chache kabla, mjini Rome, nako kwenye udongo, alikuwa amemchapa Söderling 6-1, 6-0.

Wengi husema Nadal alishindwa kwa sababu ya magoti. Kweli yalimsumbua, hata akajitoa Wimbledon mwaka ule. Lakini Söderling alipiga mipira 61 ya ushindi siku hiyo, na goti la mpinzani halikupigii hata mmoja. Mtu akiitazama mechi tena kwa utulivu, ataona mpango uliofuatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Uso wa viwanja vya Paris ni tabaka jembamba la matofali mekundu yaliyosagwa. Mpira ukigusa pale hupungua kasi, kisha huruka juu. Nadal, aliyecheza kwa mkono wa kushoto, aliupiga kwa kuukwangua kutoka chini kwenda juu, ukazunguka vibaya mno na kuruka hadi juu ya bega upande wa bekihendi ya mpinzani wa mkono wa kulia. Roger Federer, mwenye bekihendi ya mkono mmoja, aliteseka na pigo hilo miaka na miaka.

Söderling ana urefu wa mita 1.93 na bekihendi yake ni ya mikono miwili. Mpira uliowasumbua wengine ulimfikia pale alipoupenda. Hakurudi nyuma kuusubiri ushuke. Aliukandamiza ungali juu, bapa, ukaenda kwa kasi kwenye kona. Wakati mwingine aliurudisha kwa mshazari kulekule ulikotoka, wakati mwingine aliunyoosha sambamba na mstari wa pembeni, kwenye bekihendi ya Nadal. Nadal, aliyesogezwa mita kadhaa nyuma ya mstari, alirudisha mpira mfupi, na Söderling akaingia ndani ya uwanja kuumaliza kwa forihendi.

Hapa ndipo ninapoona akili ya mechi ile. Tumezoea kusema udongo ni uwanja wa wanaolinda, kwa kuwa unawapa muda wa kuukimbilia mpira. Muda huo anaupata mpigaji pia. Söderling alikuwa akiivuta raketi mbali sana kabla ya kupiga, na udongo ulimruhusu kuivuta yote.

Ujasiri nao ulihitajika. Baada ya kupoteza seti ya pili kwa taibreki 7-2, angeweza kuanza kupiga kwa woga, kama wengi walivyofanya mbele ya Nadal. Hakupunguza nguvu hata kidogo. Seti ya nne aliimaliza kwa taibreki ya 7-2 hiyohiyo, safari hii ikiwa yake, voli ya mwisho ya Nadal ikitoka nje.

Söderling alifika fainali, na huko Federer hakumpa mpira wa kifuani. Alimkatia mipira ya chini, akamdondoshea mingine karibu na wavu, akamlazimisha mtu mrefu ainame na kukimbia mbele. Federer alishinda 6-1, 7-6, 6-4.