Sifa za Mtungi wa Galoni Moja

Wapikaji wa bia ya nyumbani nchini Marekani wamezoea galoni tano kwa mkupuo, yaani lita 19 hivi, na hata pakiti za hamira hufungwa kwa kufuata kipimo hicho. Anayetaka bia ya kunywa na marafiki hana sababu ya kukiacha. Lakini anayetaka kujua hamira ipi inafanya nini anahitaji mtungi wa kioo wa galoni moja, lita 3.8, uliojazwa lita tatu tu. Ukipika leo kwa hamira hii na Jumamosi ijayo kwa ile, umebadilisha pia ukali wa moto, kiasi cha maji yaliyokauka na dakika za kuchemsha hopsi. Tofauti utakayoionja haina mwenyewe. Chemsha mara moja, poza, gawa maji ya kimea kwenye mitungi minne, kila mmoja na hamira yake. Ile ya bia ya ngano ya Bavaria itanukia ndizi na karafuu. Ya Marekani, iliyolishwa sukari ileile, itatulia na kuziachia hopsi uwanja. Emil Christian Hansen, alipotenga hamira safi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1883, alikuwa na shauku hiyohiyo ya kumjua mhusika mmojammoja.

Kwa nini lita tatu, na si chupa ya lita moja? Kwanza povu: hamira za ngano hupanda kwa fujo, na nafasi ile ya juu huokoa kifuniko na sakafu. Halafu kupima msongamano wa bia kwa haidromita hula kama mililita 100, ambazo kwenye lita moja ni sehemu ya kumi nzima. Mashapo yakishaachwa chini, mtungi hutoa chupa nane hivi za mililita 330, za kufungua moja mapema na nyingine baada ya miezi.

Wapo wasemao chombo kidogo hudanganya, kwa kuwa hupoteza joto upesi na bia yake huguswa zaidi na hewa. Ni kweli. Ila mitungi yote imebeba kasoro hiyo sawasawa, na swali lilikuwa hamira ipi inastahili kupewa lita 19, si bia yake itakuwa na ladha gani huko. Kinachoharibu jaribio hasa ni kumwaga pakiti nzima ya gramu 11 ndani ya lita tatu, wakati gramu moja na nusu hadi mbili zinatosha. Mizani ndogo ni ya lazima. Kuhusu kuosha mitungi minne badala ya ndoo moja, sina utetezi. Siku ya kuonja, mpe mtu glasi tatu, mbili zikiwa za bia moja, aitafute ya tatu. Akishindwa mara kwa mara, anunue hamira ya bei nafuu.