Siri Aliyokabidhiwa Mtazamaji

Go Eun-chan hakuanza kwa kudanganya. Baba amefariki, mama hana kipato cha kutegemewa, mdogo wake wa kike bado yuko shuleni, naye anapeleka chakula kwa wateja na kufundisha taekwondo ili nyumba isilale njaa. Nywele ni fupi, shati linampwaya, mwendo ni wa mtu anayekimbizana na saa. Watu wakamwita kijana, naye, msichana, hakuwasahihisha. Choi Han-gyul, mjukuu wa bibi mwenye kampuni ya vyakula, akamlipa ajifanye mpenzi wake wa kiume ili familia iache kumtafutia mchumba. Kisha akamwajiri katika mkahawa unaochukua wanaume watupu. Hapo ndipo ukimya ulipogeuka uongo. Hii ni Coffee Prince, iliyoonyeshwa na MBC mwaka 2007, na kwangu mimi ndiyo shule ya tamthilia zote za Kikorea ambamo msichana anaishi kama mwanamume na mapenzi yakamkuta humo humo.

Wapo wanaozibeza. Itawezekanaje, wanauliza, watu wakae na mwanamke kutwa kucha wasimtambue? Lakini tamthilia hizi hazitaki tudanganyike. Tangu mwanzo tunaambiwa ukweli, tunakabidhiwa siri, tunakaa nayo kifuani hadi mwisho. Kazi ya mwandishi inakuwa kuigawa siri hiyo: nani ajue, ajue lini, na akishajua afanye nini.

Tazama Sungkyunkwan Scandal ya KBS, 2010. Kim Yoon-hee ananakili vitabu na kuwafanyia wengine mitihani kwa malipo, mdogo wake wa kiume apate dawa. Kwa jina la mdogo huyo anajikuta ndani ya Sungkyunkwan, chuo cha dola ya Joseon kilichoanzishwa mwaka 1398, mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kusoma. Gu Yong-ha anamshuku tangu siku za mwanzo, anamchokoza kwa tabasamu na maswali. Moon Jae-shin anaugundua ukweli, ananyamaza, anamlinda. Anayempenda kuliko wote, Lee Sun-joon, ndiye asiyejua kitu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi. Kwa Jae-shin ni kwikwi, maana kila akikaribiana na mwanamke koo humsaliti. Mwandishi aliyebuni kwikwi hiyo ameniambia yote kuhusu kijana huyu bila kumtamkisha neno.

Mavazi ya Joseon yanasaidia, nakubali. Joho pana linaficha kiuno, kofia nyeusi ya singa za farasi inautia uso kivuli. Yanayobaki ni mzigo wa mwigizaji, na mzigo wenyewe si mwepesi. Katika The King's Affection ya 2021, Park Eun-bin ni Dam-i, pacha aliyeamriwa auawe alipozaliwa kwa sababu ni msichana, akaja kushika nafasi ya kaka yake, mrithi wa kiti cha ufalme. Mwigizaji huyu hakuchukua njia ya mkato ya kukwaruza sauti na kutanua mabega. Sauti yake ameishusha kidogo tu, akaifanya kavu, sauti ya mtu aliyejizoeza kutomwonea huruma yeyote asije akajihurumia mwenyewe. Anaigiza mwanamke, anayeigiza mwanamume, anayeigiza mfalme, na matabaka yote matatu yanaonekana kwa wakati mmoja. Tamthilia hiyo ilishinda Tuzo ya Kimataifa ya Emmy mwaka 2022. Ilistahili.

Lakini kilele cha ufundi huu, kwa macho yangu, ni pale mwanamume anapokiri kupenda kabla hajajua. Han-gyul amehangaika sehemu baada ya sehemu. Amemfukuza Eun-chan, amemrudisha, amejaribu hata kula naye kiapo cha udugu ili moyo upate jina halali la kujifichia. Mwishowe anakubali: uwe mwanamume, uwe kiumbe wa sayari nyingine, mimi nitakwenda nawe hadi nione mwisho wake. Amelipa gharama yote kabla ya kujua kwamba hakudaiwa. Ndiyo maana anapoujua ukweli anawaka hasira, na hasira yake ni ya haki. Tamthilia nyingine humfanya shujaa agundue mapema, apende kwa usalama. Naziona za kupendeza, lakini zimemwepusha na mtihani.

Na baada ya siri kufichuka? Hapo nyingi hulegea: gauni, nywele ndefu, harusi, dunia imerudi sawa. Eun-chan hakukubali bei hiyo. Aliiweka ndoa kando kwanza, akaenda Italia kusomea kahawa.

Painter of the Wind ya SBS, 2008, ilithubutu zaidi. Shin Yun-bok wa historia, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1758, ni mwanamume. Riwaya ya Lee Jung-myung, iliyozaa tamthilia hii, ikamwazia kuwa mwanamke, kana kwamba inauliza ni nani angeweza kuwatazama wanawake kwa makini namna ile. Moon Geun-young alimwigiza akatwaa tuzo kuu ya SBS mwaka huo. Zaidi ya hayo, tuzo ya wapenzi bora wa skrini ilimwendea yeye pamoja na Moon Chae-won, aliyekuwa Jeong-hyang, binti mpiga kinanda cha nyuzi anayempenda mchoraji huyo. Waigizaji wawili wa kike, tuzo moja ya mapenzi.

Wala halikuwa jambo geni Korea. Miaka ya 1950 vikundi vya wanawake watupu viliimba na kuigiza jukwaani, wakishika nafasi zote, na mabinti walijaa kumbini kwa ajili ya nyota waliocheza wanaume. Jeongnyeon ya tvN, 2024, inasimulia enzi hiyo: Kim Tae-ri ni msichana kutoka Mokpo mwenye sauti ya ajabu, na nyota wa kundi lake ni Moon Ok-gyeong, bingwa wa nafasi za kiume. Hadhira ile ilijua kila kitu tangu mlangoni. Ilikata tiketi ikaingia, na Ok-gyeong alipotokea na upanga wake, ilipiga kelele hadi paa likatikisika.