Ufundi wa Kujizuia

Mvinyo mwekundu wa Morgon, kutoka vilima vya Beaujolais nchini Ufaransa, humshangaza aliyezoea mvinyo mzito: rangi yake inapitisha mwanga, haunuki mbao za pipa, wala haukabi koo. Marcel Lapierre, aliyerithi shamba la familia mwaka 1973 na kufariki 2010, alionyesha kwamba wepesi huo si upungufu. Ufundi wake mkubwa ulikuwa kujua asitie nini. Wapo wanaodhani kuacha ni njia ya mkato, na hapo ndipo wanapokosea. Asiyetumia dawa ya magugu hana budi kulima kati ya safu msimu baada ya msimu. Asiyenunua hamira dukani hutegemea hamira iliyojiotea kwenye zabibu na kiwandani mwake, kwa hiyo hathubutu kupulizia shambani sumu itakayoiua. Asiyetia salfa ya kuhifadhi mvinyo hana anasa ya kuvumilia tunda bovu: kichala hukatwa kwa mkono, hugeuzwa na kukaguliwa, punje zilizoshika ukungu hung'olewa, kisha kilichobaki huingia tangini kizima na kikonyo chake, bila kupondwa, ili uchachukaji uanzie ndani ya punje yenyewe.

Atasema mtu kwamba haya ni mapenzi ya kale yanayoipa sayansi kisogo. Mbona basi mwalimu wa Lapierre, Jules Chauvet (1907–1989), alikuwa mkemia aliyetumia miaka mingi kuchunguza hamira? Ni sayansi hiyo iliyomfundisha kwamba baridi, usafi na subira vinaweza kufanya kazi iliyoachiwa dawa. Na Lapierre hakuwa mshupavu. Sehemu ya mvinyo wake aliitia salfa kidogo kabla ya kuifunga kwenye chupa. Hoja ya shaba ni nzito zaidi: kilimo hai kinairuhusu dhidi ya ukungu, nayo hujilimbikiza udongoni. Cheti cha kilimo hai hakiifuti hoja hiyo. Inamtaka mkulima akague majani kwa macho yake na kupulizia pale tu hatari inapokuwa ya kweli, jambo linalowezekana zaidi katika shamba dogo kuliko katika shamba la tajiri asiyelikanyaga.

Wengine hukana kabisa kwamba ardhi ina ladha. Lakini zabibu ya mvinyo mwekundu wa huko ni moja, gamay. Fleurie, kwenye matale ya rangi ya waridi, hutoa mvinyo laini unaonukia maua. Jirani yake Côte du Py, kilima cha Morgon chenye mwamba wa kibuluu uliomeguka, hutoa mvinyo wenye uti wa mgongo, unaostahimili miaka mingi ghalani. Tofauti hiyo ndiyo iliyofutwa na pupa. Tangu 1985 mvinyo mpya wa Beaujolais huuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na ili kuiwahi tarehe hiyo wengi walikimbilia hamira za dukani na sukari ya magunia, hadi vilima vyote vikanukia ndizi mbivu. Mtindo ulipopita, bei ikaanguka na mizabibu ikang'olewa. Miongoni mwake ilikuwamo mikongwe, ambayo mizizi yake ilikuwa imezama kwenye mwamba kwa miongo. Aliyeing'oa kwa hasara ya misimu michache hatairudisha katika uhai wake.