Hisa za Tanga Cement: anza na mwezi, siku ije mwisho

Anayetaka kuisoma chati ya Tanga Cement aanze na mwezi, ashuke kwenye wiki, siku aifikie wakati wa kuweka oda tu. Wengi huanzia chini. Wakiona mshumaa mmoja mrefu wa siku, wanampigia dalali.

Mwaka 1901 Charles Dow aliwaeleza wasomaji wa Wall Street Journal namna ya kujua maji yamefika wapi: chomeka kijiti mchangani kila wimbi linapoishia. Mtu wa Tanga haelezwi zaidi; anajua wimbi moja halisemi kama maji yanajaa au yanakupwa. Mwaka 1986 mfanyabiashara wa masoko ya fedha Alexander Elder alilipangia wazo hilo utaratibu kwenye chati: kabla ya kipimo cha muda unachofanyia biashara, tazama kilichokizidi kama mara tano.

New York, ambako hisa kubwa huuzwa mfululizo kutwa, hata chati ya saa moja ina maana. Kwenye soko la hisa la Dar es Salaam sivyo. Tanga Cement, yenye kiwanda Pongwe, iliorodheshwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi asilimia 68.33 ya hisa zake ilikuwa mikononi mwa kampuni ya AfriSam. Zilizoweza kuzunguka hazikufika theluthi. Siku isiyo na muamala hubeba bei ya jana, na chati huionyesha kama utulivu, kumbe hakuna aliyenunua wala kuuza. Wastani wa siku 20 unaweza kuwa umejengwa na siku tano au sita za biashara ya kweli. Ndiyo maana naangalia kiasi kilichouzwa kabla sijaangalia bei.

Sasa panda kwenye mwezi. Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement na mmiliki mkuu wa Twiga Cement, ilitangaza kuinunua sehemu ya AfriSam. Tangu hapo kila hisa ilikuwa na thamani mbili: moja mpango ukipita, nyingine ukikwama. Aprili 2022 Tume ya Ushindani iliridhia. Septemba Baraza la Ushindani likatengua. Hata hivyo ununuzi ulikamilika mwishoni mwa 2023, na 2024 kampuni ya Amsons ikaichukua Tanga Cement kutoka kwa Scancem. Hakuna wastani wa siku ambao ungekuonya juu ya uamuzi wa Baraza. Ila aliyeziandika tarehe hizo kwenye chati ya mwezi alijua kwamba bei inasubiri hukumu, na kwamba mstari wa mwelekeo peke yake hautoshi kuhatarisha fedha.

Wiki ndiyo ya kuamulia. Nataka ifunge juu ya kilele cha wiki zilizotangulia, kiasi kikiwa kimeongezeka, na wiki inayofuata isirudi chini. Siku inabaki na kazi moja, kutafuta bei ya kuingilia. Hapo weka oda yenye kikomo cha bei, tena uigawe, maana kwenye soko lenye wauzaji wachache oda kubwa isiyo na kikomo huipandisha bei dhidi ya mnunuzi mwenyewe.