Kuzoeza na Kuzoesha: Tafsiri ya Kitenzi Kimoja Kando ya Ziwa Viktoria

Wafasiri wa Kiswahili wamekizoea mno kitenzi cha Kiingereza habituate, hata hawakiulizi tena maana yake. Hukipa neno zoeza, na kazi ikawa imekwisha. Lakini katika kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, kitenzi hicho kina kazi maalumu, na hapo udhaifu wa tafsiri hiyo huonekana waziwazi.

Asili ya kitenzi ni Kilatini. Ni ndugu wa neno habitus, yaani hali iliyomkaa mtu, na shina lake ni kitenzi cha kuwa na kitu. Katika Kiingereza ni neno la kalamu zaidi kuliko la mdomo, na aghalabu huja katika hali ya kutendwa, ambayo humficha mtendaji. Matabibu nao walilichukua. Mwaka 1957 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilitenga mazoea ya dawa na uraibu wake; mwaka 1964 maneno yote mawili yakaachwa, likashikwa neno la utegemezi. Wachunguzi wa tabia za wanyama wana maana yao pia: mnyama akikutana mara nyingi na jambo lisilomdhuru, mshtuko wake hupungua hata ukafifia.

Basi ndani ya kitenzi kimoja zimo maana mbili zinazopingana. Mvuvi wa dagaa aliyezoea kazi ya usiku amepata kitu. Mkono wake huijua taa na wavu kabla akili haijaamrisha. Mkazi wa Mwanza aliyezoea kelele za Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, amepoteza kitu. Kelele zipo, ila yeye hazisikii. Kiswahili huyabeba yote mawili katika zoea, kisha huyatenga kwa viambishi, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kwa kitenzi chake. Mzoefu ni mtu wa kusifiwa, na uzoefu ni mali. Mazoea hayana sifa hiyo. Wahenga walisema yana taabu. Viongozi hukemea watumishi wanaofanya kazi kwa mazoea. Na mtu akilalamika kwamba fulani amemzoea, kila asikiaye hufahamu kwamba heshima imevunjwa.

Sasa Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 shirika la hifadhi la Frankfurt lilifungua humo sokwe kumi na kadhaa, waliokamatwa wadogo porini kisha wakafugwa Ulaya. Kisiwa chenyewe kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sokwe wale walikuwa wamewazoea binadamu kupita kiasi, na baadhi yao walikuwa hatari kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa hawakumwogopa mtu. Wajukuu wao wakawa wanyama wa msitu, wakamkimbia mtu. Kisha ikaanza kazi ya kuwafuata kwa subira, siku baada ya siku, ili waache kukimbia na wageni wapate kuwaona. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kwa kitenzi kinachojadiliwa hapa.

Kuiita kazi hiyo kuwazoeza sokwe ni kosa, wala si kosa dogo. Zoeza limeshikamana na zoezi na mazoezi, yaani darasa, gwaride na uwanja wa mpira. Asomaye kwamba sokwe wamezoezwa atadhani wamefundishwa michezo. Na hapa hakuna anayefundishwa. Mnyama hajifunzi kitendo kipya, bali huacha kimoja cha zamani. Zoesha halina harufu hiyo ya shule, na ni bora. Lililo bora zaidi ni zoeana. Mfuatiliaji naye hubadilika. Hujifunza kukaa kimya, kutotazama sana, kujua ni nani katika kundi mwenye hasira za karibu. Kiingereza humwacha mtu nje ya kitenzi kama kwamba yeye hakuguswa. Kiambishi kifupi cha Kiswahili kinamrudisha ndani.

Fasihi ya ziwa hilo imetoa mfano wa namna nyingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Msomaji mwenye haraka huona maamkizi marefu, mapishi na pombe ya ndizi kuwa mzigo. Anakosea. Kitereza hasimulii mazoea ya Wakerewe tu, humzoesha msomaji kwa kuyarudiarudia, mpaka ukimya mahali pa maamkizi unamshtua. Huko ni kuzoesha kunakoongeza usikivu, kinyume kabisa cha ule wa wanasayansi.

Katika maji hayohayo ya Ukerewe uchaguzi wa neno umekuwa jambo zito kuliko fasihi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Mtu akiandika kwamba abiria walizoea kujazana, ameweka lawama juu ya maiti. Akiandika kwamba walizoezwa, anadai kuwapo mwalimu, jambo ambalo hawezi kulithibitisha. Akiandika kwamba walizoeshwa, sentensi haitulii. Hungoja ni nani, na kwa nini hapakuwa na chombo kingine siku ya gulio. Kiingereza kingeandika habituated na kupita. Kiswahili, kikiandikwa kwa uangalifu, hakimruhusu mwandishi kupita hapo bila kuchagua.